Kuni za Watu

Bibi yangu hakuogopa kufa. Aliogopa kuzikwa kimya. Alilisema hilo waziwazi, tena mbele ya wageni, huku anachambua mbaazi: "Siku yangu mkinilaza humo ndani halafu mkakaa mmejikunyata kama kuku wenye mdondo, nitaamka niwafukuze." Mama alikuwa anamkatiza, "Astaghfirullah, mama, maneno gani hayo?" Naye Bibi anajibu, "Maneno ya mtu anayejua atakufa. Kwani wewe umeambiwa utabaki?"

Kuzikwa kimya, kwa hesabu zake, ni kuzikwa bila mtani. Huku kwetu kusini kila ukoo una watani wake, na kazi kubwa ya mtani iko msibani. Watu wanalia, yeye anakuja kucheka. Anamwigiza marehemu alivyokuwa anatembea na alivyokuwa anakohoa, anakaa mlangoni anazuia jeneza mpaka apewe anachotaka, anachukua kitu cha nyumba ile na kuondoka nacho, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umejivunjia heshima mwenyewe. Siku hizi wanaoyajua hayo wanapungua. Vijana wengi wanajua kutuma pole kwa simu, basi.

Bibi alikuwa na mtani wake, mwanamke wa rika lake wa kule Narung'ombe, wilaya ya Ruangwa. Sisi tuko Naipingo, upande wa Nachingwea, kwa hiyo si majirani hata kidogo. Lakini walikuwa wameahidiana tangu wakiwa wasichana kwamba atakayetangulia, mwenzake atakuja kumcheka. Ahadi hiyo Bibi aliishikilia kuliko watu wanavyoshikilia hati za mashamba. Nasi wajukuu tulikua tukijua kwamba duniani kuna mwanamke mmoja tu mwenye ruhusa ya kumcheka Bibi, na kwamba yuko Narung'ombe.

Nieleze kwanza habari ya kuni, maana ukimtaja Bibi pale Naipingo mtu atakwambia kuni kabla ya kutaja jina.

Nyuma ya jiko letu kulikuwa na lundo la kuni lililopangwa vizuri kuliko kitu chochote ndani ya nyumba ile. Kuni kavu za mkorosho, zimekatwa sawasawa, zimefunikwa kipande cha bati na jiwe juu. Hizo zilikuwa kuni za watu. Mtu akifiwa kijijini, Bibi anavuta ukuni mmoja mnene, anajitwisha, anakwenda. Kama msiba ni mkubwa anarudi kuchukua mwingine. Na kama hakuna msiba, kuni zinakaa. Masika mvua inanyesha mpaka jiko zima linavuja, kuni zetu za kupikia zimelowa, moshi unatutoa machozi, mama anapuliza mpaka mashavu yanamuuma, na lile lundo kavu liko hatua chache tu kutoka mlangoni.

"Mama, nichukue moja tu," mama anaomba. "Watoto hawajala."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama."

"Basi subiri afe."

Ndivyo alivyokuwa. Roho nzuri kwa wafu wa watu, na kwa sisi tulio hai, he! Tulikula ming'oko, vile viazi vya porini, nusu mbichi siku nyingi kwa ajili ya kuni zile. Mimi sisemi alikuwa malaika, alikuwa na ubahili wa ajabu. Sukari aliificha kwenye mtungi, na kanga mpya alizikunja sandukuni mpaka zikapauka kwenye mikunjo. Lakini akisikia kilio upande wa pili wa mashamba, sukari ile ile inatoka mtungini bila kupimwa, na kanga inafunguliwa inakwenda kumfunika mtoto wa watu.

Alikuwa na msemo wake: "Harusi ina mwaliko, msiba hauna." Na mwingine, ambao nadhani aliutunga mwenyewe: "Msibani huendi na machozi peke yake, machozi hayaivishi ugali."

Kuna bwana mmoja pale kijijini, sitamtaja, watoto wake wapo. Alikuwa mtu wa kujitenga. Mwenzake akifiwa, yeye yuko shambani anapalilia ufuta. Watu wanachimba kaburi, yeye anapita na baiskeli, anapiga kengele wampishe. Watu wakamwekea kinyongo moyoni. Mke wake alipofariki kijiji kikamsusia. Hakukuwa na kikao wala tangazo, kila mtu alibaki kwake tu. Wanaume walikaa barazani wanatazama njia, wanawake wakajifanya wana kazi za kupepeta. Ile nyumba ikabaki na maiti, bwana yule, na watoto wanaolia.

Bibi akatoka nyuma ya jiko na ukuni kichwani. Jirani akamwambia, "Dada, tumekubaliana hatwendi." Bibi akasema, "Mimi hamkunikuta kwenye makubaliano." Akaenda, akapanga mafiga matatu, akawasha moto peke yake. Moshi ulipopanda juu ya paa, kila mtu kijijini akauona. Nilikuwa naye, nimebeba ndoo ya maji, na nawaambia kitu: yule bwana alitukanwa na Bibi siku ile kuliko alivyowahi kutukanwa maishani. Bibi anakoroga uji huku anamwambia, "Mjinga wewe! Kiburi chako kingemwozesha mwenzako humo ndani! Leta chumvi!" Naye anakwenda kuleta chumvi, machozi yanamchuruzika. Hazikupita dakika nyingi akaja mwanamke wa kwanza na ungo wake, amenuna. Akaja wa pili. Wanaume wakaanza kutafuta majembe. Wakamzika yule mama kabla ya alasiri. Bwana yule tangu siku hiyo hakukosa msiba mpaka na yeye alipozikwa, tena kwa watu wengi.

Sasa mguu. Bibi alikuwa anaburuta mguu wa kulia. Alianguka kwenye mkorosho, na msiniulize mwanamke mwenye wajukuu alikuwa anafanya nini juu ya mkorosho. Alikuwa anakata matawi makavu, kwa ajili ya zile zile kuni za watu. Mwenye shamba alimwambia angemtuma kijana apande, akasema kijana atakata mabichi. Akapanda, tawi likakatika naye. Alipopona alibaki na mwendo wake: anatangulia wa kushoto, halafu wa kulia unafuata unakwaruza vumbi, kidogo umeelekea nje. Ukiwa ndani unamsikia anakuja, twa, khwaa, twa, khwaa.

Mguu huo haukuchekwa. Mdogo wangu aliwahi kuuigiza uani, akapigwa kofi lililomfanya atafute ukuta wa kushika. Mwanamke huyu aliyekuwa anawacheka watu wazima na misiba yao, yeye mwenyewe ukimtania anavimba. Hapo ndipo nilikuwa simwelewi. Tena hakukosa mgonjwa hata mmoja, atakaa kitandani pa mtu mpaka akereke, lakini akiugua yeye anafunga mlango na kusema kwa ndani, "Nendeni mkafanye kazi, mnanitazama nini?" Alipenda kutoa, kupokea kulimshinda. Aliyeweza kumpa kitu akakipokea ni yule wa Narung'ombe peke yake.

Na kupeana kwao kulikuwa kunyang'anyana. Babu alipokufa, mimi nilikuwa darasa la chini, nakumbuka Bibi alikaa mkekani siku nzima hajala, hajasema, macho makavu. Mara tukasikia kelele njiani. Mwanamke mnene, amejifunga kanga kifuani kama anakwenda kupigana, anaingia anapiga kelele: "Kafa kweli au anakwepa madeni yangu?" Akajilaza chini uani, akaanza kukoroma kama Babu. Babu alikuwa na mkoromo wa kuanza na filimbi na kumalizia na guruguru, na yule mwanamke aliupata wote, hadi kile kikohozi cha katikati. Watu wakaangalia chini. Halafu mmoja akapasuka kwa kicheko, na mwingine, na Bibi pale mkekani mabega yakaanza kutikisika, anacheka, anajifuta, anasema, "Mwondoeni huyu mchawi." Akapewa ugali, akala. Yule mtani naye akala, baada ya kusema, "Mimi sili, nimeshiba, niwekeeni kidogo tu," akamaliza sahani mbili. Jioni wanawake wanataka kutwanga, mchi haupo. Kakimbia nao! Mchi wa Bibi, wa mti mgumu, wa kusagia hata mawe. Umekwenda Narung'ombe.

Miaka yote tuliyoishi baada ya hapo Bibi alikuwa anatwanga na mchi mwingine, mwepesi, na kila akiushika analalamika: "Mwizi yule. Nitaufuata." Tukimwambia akanunue mwingine mzito sokoni anatukodolea macho. "Nikinunua mwingine, ule nitaufuata kwa sababu gani?"

Basi simu ya msiba ikaja Naipingo. Mimi wakati huo nimeshahamia Nachingwea mjini, nina cherehani yangu karibu na soko, nashona sare na madera. Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua mlango, asubuhi, naona bodaboda inasimama, na juu yake Bibi. Amekaa kiume, ushungi umejaa vumbi jekundu, na mgongoni mwa pikipiki umefungwa ukuni kwa mpira.

"Shikamoo, Bibi. Kuna nini?"

"Marahaba, mke mwenzangu. Mtani kafa. Wanazika leo adhuhuri. Funga duka."

Siku hizo presha ilikuwa inamsumbua, mama alishamkataza hata kwenda kisimani. Nikamuuliza mama anajua? Akasema mama alikuwa kwenye swala alipoondoka, na mtu anayeswali hasumbuliwi. Nikamwambia, "Na huu ukuni, Bibi? Narung'ombe kuna miti." Kijana wa bodaboda akacheka, "Hata mimi nimemwambia hivyo, dada. Bi mkubwa kanichana vibaya." Bibi akasema, "Kuni zao ni zao. Mimi siendi mikono mitupu kwa mtu aliyenibebea mchi." Nikafunga duka. Ungefanyaje? Tukaenda Ruangwa, na kutoka Ruangwa tukachukua pikipiki nyingine kwenda Narung'ombe, njia ina mchanga na mashimo, Bibi katikati, mimi nyuma nimemshika kiuno na ule ukuni umenibana ubavuni. Kila tukipunguza mwendo alikuwa anampiga yule dereva begani kama anayemhimiza punda.

Tulifika jeneza liko uani, watu wanajipanga. Tatizo tulilikuta pale pale mlangoni. Mtoto mkubwa wa marehemu, ambaye kule kwao wote wanamwita Ustadhi, amesoma dini mbali, akarudi kufundisha madrasa, mtu mpole na mwenye adabu. Alimwamkia Bibi vizuri sana. Halafu akasema taratibu, "Bibi, tunakushukuru kwa kuja. Lakini mambo ya utani nimeomba tuyaache. Maiti anastahili heshima na utulivu. Hizi kelele si katika dini."

Siwezi kusema alikosea. Alikuwa kafiwa na mama yake, na alikuwa anasema anachokiamini. Bibi akamtazama juu mpaka chini. "Mwanangu," akasema, "mama ni wako, dua ni zako, mazishi ni yako. Utani ni wangu. Mama yako kaniachia mimi, hakukuachia wewe."

Akakwaruza mguu wake, twa, khwaa, mpaka kwenye njia inayotoka uani, akaweka ukuni chini, akakaa juu yake, akanyoosha ule mguu mbovu ukakata njia nzima. "Jeneza halitoki. Nataka mchi wangu."

Ustadhi akatazama wazee, wazee wakatazama viatu vyao. Jua linapanda. Mimi nilitamani ardhi inimeze, nawaambia kweli, nilikuwa nimesimama pale nikifikiri sasa Bibi atanyanyuliwa na wanaume kama gunia. Ndipo akatoka jikoni binti mdogo wa marehemu, anaitwa Somoe, anauza maandazi stendi ya Ruangwa, uso umevimba kwa kulia. Ameshika mchi. Umechakaa, katikati umekuwa mwembamba kwa mikono ya mama yake.

Bibi akaupokea, akaugeuza, akauchunguza. "Mmeupunguza! Niliutoa mnene, mnanirudishia kiberiti!" Mzee mmoja akaguna kwa kicheko. Basi Bibi akainuka, akajifunga kanga kifuani, akatoa tumbo mbele, na ghafla akawa yeye, yule mtani, mnene kabisa ingawa Bibi alikuwa mwembamba kama mti wa mhogo. Akasema kwa ile sauti: "Mimi sili. Nimeshiba. Niwekeeni kidogo tu." Akapokea sahani isiyokuwepo, akala, akanyoosha mkono, "Kidogo tu tena." Akalamba vidole mpaka kiwiko. Watu walikwisha! Wanawake waliangukiana. Nikamtazama Ustadhi. Ameziba uso kwa kofia yake, mabega yanatikisika, na alipoitoa ile kofia alikuwa analia kama mtoto, kilio chenye sauti, nadhani cha kwanza tangu asubuhi. Bibi akamwendea, akampangusa uso kwa ncha ya kanga. "Haya, baba. Sasa mpeleke mama yako." Akaondoa mguu njiani.

Mchi hakuuchukua. Alimrudishia Somoe. "Kaeni nao. Siku yangu mtauleta wenyewe." Ukuni akauacha jikoni kwao.

Ni wakati wa kurudi ndipo nilipomwona Bibi amechoka. Tumekaa stendi ya Ruangwa tunangoja usafiri, ameshika chupa ya maji hanywi. Akasema, "Mimi nimemaliza deni. Sasa mimi nani atanicheka?"

Nikamwambia tutakucheka sisi. Akanijibu kwa hasira, "Nyinyi wa kulia. Mfiwa hajichekeshi mwenyewe."

Hapo ndipo ile hofu yake niliyoizoea tangu utoto ikanishika na mimi. Nilimwona kwa mara ya kwanza mwanamke aliyewasha moto kwenye kila nyumba ya watu, na kwake hakuna atakayekuja kufanya ile kazi moja aliyoitaka. Na Bibi, kama kawaida yake, hakukaa akalia. Akaamua. Akasema utani unafuata ukoo, ukoo unafuata mama, kwa hiyo mtani wake sasa ni Somoe, apende asipende.

Somoe hakupenda. Maskini, alikuwa mtu wa haya, anauza maandazi kwa sauti ndogo mpaka wateja wanampita. Bibi akamwendea stendi siku ya kwanza akachukua maandazi, akaondoka bila kulipa. Somoe akasema tu, "Karibu tena, Bibi." Bibi alirudi kwangu Nachingwea amefura. "Yule mtoto nimemwibia mchana kweupe, ananikaribisha! Nitafanya nini naye?" Safari ya pili akachukua beseni lenyewe. Mama alikuwa anampigia simu Somoe kumwomba radhi, Somoe anasema hakuna shida, mama, hakuna shida. Bibi akisikia hivyo anapandwa zaidi. "Hakuna shida, hakuna shida! Shida ipo! Mimi nakufa na yeye ana adabu!"

Mpaka siku moja mama anatoka uani Naipingo anakuta ungo wake haupo, jogoo hayupo, na Bibi amekaa kizingitini anacheka peke yake, mkono umeziba mdomo. Somoe alikuja. Hakuamkia mtu, akabeba, akaondoka. Jogoo! Bibi alitembeza habari ile kijiji kizima kama mtu aliyepata mjukuu.

Mara ya mwisho kumwona Bibi akiwa na nguvu zake ilikuwa baada ya mavuno ya ufuta. Nilikwenda Naipingo kumpelekea gauni nililomshonea. Nikasikia uani, twa, khwaa, twa, khwaa, lakini Bibi amekaa kitini. Anayetembea ni Somoe, ameshika fimbo, anakwenda na kurudi, na Bibi anamsahihisha kama askari anayefundisha gwaride.

"Mguu wa kulia, we mtani, wa kulia! Na kichwa kiinue. Mimi sijawahi kutembea naangalia chini kama niliyedondosha kitu."

"Hivi, Bibi?"

"Zaidi. Kwaruza! Unaogopa kuchafua vumbi?"

Ule mguu uliompatia mdogo wangu kofi! Nilisimama pale na gauni mkononi, sijui nicheke au nilie. Nikasema, "Somoe, kidole kinaelekea nje kidogo, umekinyoosha mno." Bibi akageuka. "Huyo kaja, mwalimu wa makosa." Ndilo jina alilonipa tangu nianze ufundi, kwa sababu mshono ukienda upande mimi silali, na mtu akikosea neno siwezi kunyamaza. Alinitania, "Hata malaika wakija kunichukua, utawaambia kanzu zao zimekunjwa vibaya." Halafu akamwita Somoe karibu, akamnong'oneza sikioni. Somoe akanitazama, wakacheka wote wawili mpaka Bibi akakohoa. Nikauliza kuna nini. "Ya watani," akasema. "Nionyeshe gauni." Akalipima kwa kiganja, akaniambia mkono mmoja umezidi. Haukuzidi.

Alifariki kabla mikorosho haijaanza kutoa maua. Sitaieleza siku yenyewe. Mimi nilifika Naipingo nimelia njia nzima, na nilipofika nikaendelea. Lakini macho yaliona. Yaliona watu wanakuja kwa njia zote tatu, na kila mtu kichwani ana ukuni. Nyumba zile zote alizowasha moto, zilikuja na kuni. Mama alisimama nyuma ya jiko na kusema kwa sauti ya Bibi kabisa, "Lundo hili halijaguswa na halitaguswa." Yule bwana wa kujitenga alishatangulia, lakini watoto wake walileta mkokoteni.

Na akaja Ustadhi. Alishuka kwenye pikipiki, kanzu nyeupe, na begani amebeba ukuni wa mkorosho. Akautua jikoni, akajipangusa bega, akaenda kukaa na wanaume. Nyuma yake hakukuwa na mtu. Nikamtafuta Somoe kwa macho, sikumwona. Wamemwogesha Bibi, wamemsalia, wanaume wanakaribia kunyanyua, na Somoe hayupo. Nyumba imeanza kunyamaza, kule kunyamaza alikokuogopa. Nikaanza kulia tena, sasa kwa hasira, nikisema moyoni, Bibi, wamekuzika kimya.

Twa, khwaa.

Akaingia uani kwa upande wa mashamba. Amejifunga kanga, ameegemea ule mchi wa Narung'ombe kama mkongojo, kichwa juu, macho makali, anauliza kwa sauti ya Bibi, sauti ile ile, "Nani kafa? Nani kafa humu, mnanimalizia kuni?" Na anaburuta mguu wa kushoto.

Wa kushoto! Nilifuta macho nikatazama tena. Kushoto. Anakwaruza vumbi na mguu mzima wa Bibi, mguu uliokuwa hauna kosa lolote. Nilijikaza. Nikasema nyamaza, ni msiba. Hatua nyingine, wa kushoto tena. Nikasikia mtu anapiga kelele uani, "Siyo huo! Wa kulia, Somoe! Wa kulia!" na mtu huyo ni mimi, nimesimama juu ya mkeka, kidole nimekinyoosha.

Uani kote pakapasuka. Mama alicheka ameshika nguzo. Wazee walicheka. Nilimwona Ustadhi anauma midomo, akashindwa. Na mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, mbavu zinauma, kile kilio nilichokuja nacho kutoka Nachingwea kikatoka chote pamoja na kicheko. Somoe akalaza mchi njiani, akakaa. "Jeneza halitoki. Nataka ukuni wa lile lundo." Tukamtazama mama. Mama akaenda nyuma ya jiko, akainua bati, akatoa mmoja mnene, akampa. Wanaume wakamnyanyua Bibi, wakapita naye huku watu bado wanajifuta macho.

Jioni nilimsaidia Somoe kufunga ule ukuni kwenye pikipiki ya kaka yake. Nikamwambia umefanya vizuri mno, ila mguu ulisahau, na tulikufundisha.

"Nisahau?" akasema. "Ni yeye aliyeniambia siku ile sikioni. Alisema, 'Mjukuu wangu akiona kosa hawezi kulia. Wewe kosea mguu.'"

Mchi umerudi kinuni kwa mama. Ukuni wetu uko Narung'ombe, na ufuta ukishavunwa nitaufuata.